Mabalungi kwa Ajili ya Taifa

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimezaliwa upya. Saa tatu asubuhi, mwiko mkononi, uji jikoni. Redio ilisema nchi yetu inaagiza kutoka ng'ambo sehemu kubwa ya dawa inazomeza. Sehemu kubwa! Mtaalamu akaendelea polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Kila kidonge kinachotengenezwa hapa, alisema, ni mshahara wa mtu wa hapa, ni kodi, ni barabara, ni mgonjwa asiyengoja meli. Mgonjwa asiyengoja meli. Nikasimama na maneno hayo mpaka uji ukaungua.

Nina sababu. Mke wangu, Sajini Amony wa polisi, ana presha. Dawa yake inatoka ng'ambo. Meli ikichelewa Mombasa, bei inapanda huku Naguru, Kampala, na Amony anachukua wembe, anakata kidonge katikati juu ya kisahani. Nusu leo, nusu kesho. Siku nyingine anaruka kabisa. Hunipa mgongo akikata, akidhani sioni. Naona. Inaniuma sana.

Mimi ni nani humu kambini mwa polisi? Mume wa Sajini. Basi. Nilifuga kuku, wakafa. Nilipika sabuni, ikakataa kuganda, wanawake wakainunua kwa vikombe na kuniuliza kama ni mchuzi. Lakini leo, langoni, tangazo! Kiwanda kipya cha dawa kinachoitwa Nyanja, kule Luzira, kimetengeneza kidonge cha presha. Kinatafuta watu ishirini na wanne wenye afya. Wakimeze, wachukuliwe damu, ijulikane kama kinafanya kazi sawasawa na kile cha ng'ambo. Kikifaulu, kitauzwa nusu ya bei, na hakitapanda meli yoyote.

Nilihisi mtu ananipumulia shingoni. Harufu ya karanga. Ogwal, jirani yangu, mume wa Koplo wa nyumba ya pili. Alikuwa anasoma tangazo langu. Akasema na yeye ataenda. Ogwal huyu hunishinda mweso, bao la huku, kila tukicheza, kisha hunishika bega kwa huruma. Mweso navumilia. Huruma hapana.

Naandika haya kwa Kiswahili cha Tabora, nilikozaliwa na kukulia baba akiwa uhamishoni. Ogwal anajua Kiswahili cha gwarideni tu. Akiiba daftari hili ataambulia "mguu pande" na "geuka nyuma".

Jumatano, 7 Agosti

Tumepimwa. Uzito, mkojo, macho, moyo. Sista Shamirah, muuguzi wa utafiti, alisikiliza kifua changu muda mrefu, akasema moyo wangu uko vizuri. Nilimwambia ni moyo wa kizalendo. Akaandika kitu. Ni msichana wa Kibuli, siku za kazi yuko hospitali ya kule mlimani, na mwisho wa wiki yuko huku Luzira na sisi. Mkono mwepesi. Sindano hata sikuisikia.

Mimi ni Nambari Saba! Ogwal ni Nambari Ishirini na Tano. Akiba! Atameza kama sisi, atatobolewa kama sisi, lakini damu yake itakaa kwenye jokofu, haitahesabiwa, labda mmoja wetu aharibikiwe. Nilimpa pole kutoka Luzira mpaka Naguru. Alitafuna karanga zake njia nzima. Siku nzuri sana.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa kumi na moja. Sikuisoma. Mtu hasomi barua ya mapenzi kwa kalamu nyekundu. Nilitia sahihi kila ukurasa, hata pale ambapo hapakuwa na mstari.

Jioni nilimweleza Amony. Alikuwa anavua buti. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kazini: "Baba Joska, safari hii usisaidie mtu. Meza, nyamaza, rudi nyumbani." Joska ni binti yetu, yuko bweni Lira. Nikasema ndiyo, afande. Akacheka. Kucheka kwake siku hizi kumekuwa haba.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa kitandani Luzira. Tuliingia jana, tukala wali na kuku saa moja, tangu hapo mate tu. Leo saa mbili kamili kila mtu amepewa kidonge chake na glasi moja ya maji. Hawatuambii kipi ni cha nani. Siri! Hata Sista Shamirah hajui, anasema majina yamefungwa kwenye bahasha. Mimi nimepata cha njano. Kinang'aa, laini, kama kitufe cha kanzu ya Idi. Kikateleza chenyewe.

Kitanda cha nane yupo Heritier, Mkongomani wa Bukavu, muuza vitenge wa Nsambya. Yeye kapewa cheupe. Anasema kimemwachia vumbi ulimini. Wiki ijayo tutabadilishana, wa njano atameza cheupe, wa cheupe atameza cha njano.

Damu kila baada ya muda mfupi. Katikati hapo, hakuna kazi. Kulala na kuwaza. Nani aliyewahi kupewa kazi inayomfaa namna hii? Kitanda changu kiko dirishani. Chini kule ni Port Bell, ziwa limelala, na kivuko kimefungua mdomo kinaingiza mabehewa ya treni, moja, jingine, jingine, bila haraka. Nikayaona mabehewa yamejaa dawa. Siyo maboksi, vidonge vyenyewe, vimemwagwa kama mahindi, vinang'aa juani. Kivuko kinaondoka. Mwanza wanakipokea na ngoma. Reli inavipeleka mpaka Tabora, vikilia ndani ya mabehewa kama mvua inayonyesha mbali. Na Tabora, stesheni, amesimama mama yangu.

Mama hakuwa na presha, alikuwa na pumu. Zahanati waliniambia dawa inakuja na treni. Kila treni nilikuwa stesheni, suruali fupi, miguu vumbi. Zilishuka baiskeli, zilishuka nguo, zilishuka soda. Mama alizikwa siku ya treni. Sijawahi kumwandikia mtu jambo hili, na sijui kwa nini ninaliandika leo.

Heritier aliniuliza kama nalia. Nikasema ni sindano. Akasema: "Papa Okidi, sindano ilishaisha kitambo." Kisha akaanza ndoto yake mwenyewe: dawa ya Kampala inauzwa Bukavu, yeye na mke wake wana duka lenye vioo. Tukaota pamoja mpaka chakula cha mchana. Yeye pia ndiye aliyemuuliza Sista kwa nini tumekatazwa balungi, maana kwao wanalipenda. Sista akasema balungi hufanya dawa kama hii ikae sana mwilini na kuja na nguvu kupita kiasi. Nikalisikia na kulisahau.

Ogwal, kitanda cha mlangoni, alimaliza wali wake na kuomba ruhusa kabla ya kwenda chooni.

Jumapili, 11 Agosti

Nyumbani. Nimeshindwa mweso mara tatu kwa sababu nilikuwa nafikiria mambo makubwa. Swali ni hili: kipi ni chetu, cha njano au cheupe? Vidonge vya Amony havinisaidii, dawa ni ileile lakini ni vya waridi, vya kampuni nyingine kabisa.

Nikajipa akili. Chukua vitu vyetu. Chaki yetu hukatika. Kiberiti chetu hutaka njiti nne. Penseli zetu, uliza Joska. Vina moyo mzuri, sura havikupewa. Sasa cha njano kile, kinang'aa, kinateleza, hakina hata mkwaruzo, kitakuwa chetu kweli? Banange! Yule ni mgeni aliyeshuka kwenye ndege na miwani ya jua. Cheupe kile, kimepauka, kinaacha vumbi ulimini, ndiye ndugu yetu.

Nilimwonea huruma. Maskini, atashindanishwa na tajiri mbele za watu, kwa damu yangu mimi. Jumamosi ijayo zamu yangu ya cheupe. Amony alikuwa anakata kidonge. Wembe ulimteleza, nusu ikaruka chini ya kabati. Akapiga magoti na kuipapasa, sajini mzima, na sare yake. Tuliipata pamoja. Akaipuliza vumbi, akameza.

Alhamisi, 15 Agosti

BALUNGI!

Limenijia katikati ya mweso, nilipokuwa nashindwa. Sista alisema nini? Hufanya dawa ikae sana mwilini na kuja na nguvu. Nikaacha mbegu zangu zote ubaoni, Ogwal akabaki ameduwaa. Nilikimbilia fomu. Iko pale, ukurasa wa nne, na sahihi yangu mwenyewe chini yake: mabalungi marufuku. Sasa jiulize, kitu kisicho na nguvu kinapigwa marufuku ya nini?

Nilikwenda soko la Nakawa. Nusu gunia. Muuzaji aliuliza kama nina harusi. Nikamwambia ni zaidi ya harusi. Nimeyasukuma chini ya kitanda, upande wangu, nikayafunika na koti la mvua.

Leo nimekula mawili. Kesho manne kabla ya kuingia Luzira. Ni machungu! Uso ulinikunjamana, masikio yakasogea. Lakini nilipofumba macho nilimwona ndugu yetu mweupe anaingia mwilini mwangu, mnyonge, kofia mkononi, na mabalungi yamejipanga pande zote mbili yanampigia saluti na kumfungulia milango. Pita, afande. Pita.

Amony aliuliza mbona nanuka kama sabuni ya wageni. Nikasema ni afya.

Jumamosi, 17 Agosti

Cheupe. Nilikikonyeza kabla ya kukimeza. Vumbi ulimini, kama alivyosema Heritier. Karibu, ndugu.

Saa nne hivi chumba kikaanza kuelea. Siyo vibaya, taratibu tu. Kitanda kilikuwa kivuko na mimi nilikuwa behewa. Sauti ya Sista Shamirah ilitoka ng'ambo ya ziwa, ikiniuliza kama nilikula kitu chochote nje ya ratiba. Nikasema sikula. Alinipima presha mara tatu, akaita mwenzake, wakaninyanyua miguu juu ya mito. Nambari zangu zimeshuka sana, wakasema. Zimeshuka! Ndiyo kazi ya dawa ya presha! Nilitamani kupiga vigelegele, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Nikalala miguu juu, nikatazama dari. Darini nilisoma jina langu juu ya mlango wa kiwanda. Wafanyakazi elfu moja wanaingia na mikebe ya chakula. Amony yuko mbele, hana wembe, na kisahani kile kakigeuza cha kuwekea pete.

Heritier aliniinamia, akanong'ona kwamba nanuka balungi. Nikamwambia ni ndoto tu. Akaniangalia sana. Ni mtu mzuri, lakini ana macho ya forodhani.

Ogwal alikula wali wake wote.

Jumatatu, 19 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo kulikuwa na gwaride la kukaguliwa na mkubwa wa polisi. Amony ndiye aliyepewa kuongoza kikosi cha wanawake. Nilikuwa uzioni na waume wengine. Alikuwa amepiga pasi sare mpaka inasimama peke yake. Amri ya kwanza, sauti kama kawaida. Amri ya pili ikatoka nyembamba. Ya tatu haikutoka. Niliona kofia inaanguka kwanza, kisha yeye.

Niliruka uzio. Sijui niliurukaje, una miiba, suruali imechanika. Ogwal aliruka pia. Tulimbeba mimi na yeye mpaka kwenye gari la polisi, na dereva akauliza wapi. Nikapiga kelele Kibuli, maana kule namjua Sista Shamirah, na katika nchi hii nzima hakuna mkono mwingine niliouamini saa ile. Njiani nilimwita jina lake la nyumbani, Mama Joska, Mama Joska. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Niliahidi mambo mengi.

Sista alikuwa zamu. Walimlaza, wakamwekea maji, presha ikaanza kupanda polepole. Alifumbua macho. Sista akamuuliza amemeza nini. Amony akasema leo amemeza kidonge kizima, kwa ajili ya gwaride, asije akaaibika. Na amekula nini? Akasema balungi. Kila asubuhi tangu Ijumaa, balungi moja.

Sista akauliza ameyatoa wapi. Amony akanitazama. Alisema ameyakuta chini ya kitanda, yamefunikwa vizuri, akajua nimemnunulia. Alisema miaka mingi imepita tangu nimletee tunda. Hakutaka kuharibu zawadi kwa kuuliza, akawa anakula kimya kimya, mojamoja, yasiishe haraka.

Mungu wangu. Nilitamani pa kujificha.

Nilichosema badala yake ni hiki, na sijui kilitoka wapi: nilisema yeye kala machache, mimi nilikula sita.

 Sista Shamirah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza, sita lini?

Jumanne, 20 Agosti

Nimeitwa Luzira mbele ya Dokta Kaltumi, mkuu wa utafiti. Mama mfupi wa Kinubi, wa Bombo, mwenye sauti ya chini inayotisha kuliko makelele. Aliniketisha. Alinipa hata maji. Kisha akaniuliza kama najua watu wangapi wamefanya kazi miaka mitatu kukipata kidonge kile. Nikasema sijui. Akasema hata yeye amepoteza hesabu.

Nilijitetea. Nilimweleza yote: redio, wembe, kisahani, chaki, kiberiti. Nilisema nilikuwa nakisaidia kidonge chetu.

Akasema dawa iliyomezwa juu ya mabalungi sita inaonekana jitu, na mwenzake anaonekana mbilikimo, na hakuna daktari duniani atakayejua ukweli kutoka kwenye damu ya namna hiyo. Nilikamata neno moja tu: jitu! Nikamuuliza, sasa si vizuri? Akafumba macho. Akasema hawatafuti jitu. Wanatafuta usawa. Kikizidi sana kinakataliwa, kikipungua kinakataliwa.

Usawa! Sijawahi kusikia mashindano ambayo kombe anapewa aliyetoka sare. Lakini nilikunywa yale maji aliyonipa. Nilikuwa namwona Amony na kofia inayoanguka.

Hukumu: damu ya Nambari Saba imefutwa. Kama nisingesema, alisema, ingehesabiwa, na pengine ingeuzamisha utafiti wote, na kidonge kingerudi mezani miaka mingine mitatu. Aliniambia asante kwa kusema. Kisha akaniambia nisikanyage tena utafiti wowote wa Nyanja mpaka nife. Alisema yote mawili kwa sauti ileile.

Na nafasi yangu? Nilijua kabla hajafungua mdomo. Jokofu. Ishirini na Tano.

Ijumaa, 23 Agosti

Kambi nzima inamwita Ogwal "Daktari". Watoto wanampigia saluti. Mkewe Koplo amechinja kuku. Damu yake, wanasema, ni damu iliyookoa kidonge cha taifa. Damu iliyokaa kwenye jokofu karibu na maziwa ya wauguzi!

Alikuja kunitembelea. Alinishika bega. Akasema kwa Kiswahili chake cha gwarideni: "Okidi, wewe iko mutu muzuri. Ile kichwa tu." Niliondoa bega.

Amony amerudi kazini, kazi za ofisini kwanza. Haniongeleshi, isipokuwa chumvi na mlango. Mabalungi aliyatoa yote nje mwenyewe, akayagawa kwa majirani wasio na presha. Moja aliliacha dirishani. Sijui maana yake. Nimelitazama mchana kutwa, limekaa juani, la njano, zuri.

Kidonge amekata tena leo. Hakunipa mgongo. Alikata nikiwa naona.

Jumatano, 9 Julai 2025

Daftari hili nililiweka chini ya godoro karibu mwaka mzima. Sikuwa na cha kuandika. Nilikuwa naishi kwa adabu.

Leo Amony amerudi na boksi. Duka la dawa la pale chini wamelipokea asubuhi hii. Kidonge cha presha, Nyanja, Luzira, Kampala. Nusu ya bei ya kile cha zamani, na muuzaji kamwambia mwezi ujao kitakuwepo, na mwezi ule mwingine pia. Kimefaulu! Heritier kanipigia simu kutoka Nsambya, anapiga kelele kwa Kifaransa. Kasha la kwanza analipeleka Bukavu kwa shemeji yake mwenye duka. Wamekubaliana vioo vitakuja baadaye.

Amony aliketi mezani. Akapasua karatasi ya pakiti. Kikadondoka kwenye kisahani, kikaviringika, kikatulia.

Cha njano.

Kinang'aa. Laini. Kama kitufe cha kanzu ya Idi.

Nilishika meza. Wiki ile ya kwanza, pale dirishani, nikiyaangalia mabehewa, nilikuwa nimekimeza kidonge chetu, na nilikidharau kwa uzuri wake. Na yule mwenye vumbi, niliyemkonyeza, niliyemlia mabalungi sita mpaka masikio yakasogea, ndiye mgeni! Ningemfanya mgeni jitu. Ningemfanya ndugu yangu mbilikimo, kwa damu yangu mwenyewe.

Amony aliuliza mbona nimekuwa wa kijivu. Nikasema ni furaha. Alichukua wembe kwa mazoea, akauangalia, akacheka peke yake, akaurudisha kabatini. Akakimeza kizima. Nililia, na safari hii sikusingizia sindano. Akanipa kona ya kanga yake nifute uso. Akasema zile kelele zangu za redio hazikuwa uongo wote.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefikiri tangu chai ya asubuhi, na nimelipata kosa langu lilipokuwa. Mwaka mzima nimejilaumu bure! Kosa halikuwa kwenye mabalungi. Mabalungi yalifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kwenye rangi. Sikuiamini nchi yangu. Sasa naiamini: kizuri ndicho chetu.

Na tazama baraka. Langoni kuna tangazo jipya. Nyanja wametengeneza kidonge cha kifua na wanataka watu wa kukimeza. Jina langu liko kwa mlinzi wao wa Luzira, na picha. Lakini Ogwal amechukuliwa! Nambari Moja safari hii. Anaingia kesho alasiri. Alinionyesha fomu yake kwa majivuno, na jicho langu likaenda lenyewe ukurasa wa nne. Maziwa: marufuku.

Maziwa! Ogwal alitaka kunisomea na sababu yake, imeandikwa mstari wa chini. Sikuihitaji: kitu kisicho na nguvu hakipigwi marufuku.

Mkewe Koplo yuko kozi Masindi, na Ogwal hajui kupika. Nimemwambia kesho uji wa asubuhi na wa mchana atakunywa kwangu. Mzito, mtamu, wa kizalendo. Alinishika bega, macho yakamlowa, akasema hakujua nina moyo wa namna hii. Nikaliacha bega langu pale pale. Hatajua kamwe kwamba yeye ni behewa tu. Na mimi sitadai shukrani.

Nimenunua maziwa ya uji huo, lita nne, nimeyaficha nyuma ya mtungi wa maji. Mchana huu nimefumba macho nikaona kivuko kinaondoka Port Bell, ziwa jeupe lote.

Amony ameyagundua sasa hivi. Amesimama jikoni, chupa mkononi, na sura ile ya mwaka jana imemrudia, sura ya mtu aliyeletewa tunda. Ameniuliza haya maziwa yote ni ya nani.

Nimemwambia ni yake, ila asiyamalize.